Kuanza ufundi ukiwa na miaka 45

Miaka 45 si kikwazo, ndugu yangu. Umeuliza uchague ufundi upi kati ya uashi, uchomeleaji na umeme; mimi ningekuelekeza kwenye umeme. Uashi unakula mgongo na magoti. Uchomeleaji nao unataka macho makali. Umeme una kupanda ngazi, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni kichwa: kusoma mchoro, kupima umeme kwa mita, kusaka hitilafu bila papara. Hapo utu uzima ni mtaji. Ulizia mapema masharti ya leseni, maana sehemu nyingi huruhusiwi kufunga nyaya peke yako bila hiyo. Na kabla hujalipa ada yoyote, omba kushinda na fundi kazini wiki nzima, hata kwa kumshikia ngazi tu. Baadaye unaweza kuongeza majokofu na viyoyozi, hitilafu zake nyingi ni za umeme.