Mavyaa hakukunyang'anya ufunguo, uliuangusha mwenyewe

SWALI (Juni 2020, wakati wa corona): Shikamoo Somo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni hapa Mombasa, nyumba ya vyumba viwili, kodi Sh9,000. Mume wangu alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Mwezi Machi wageni walikwisha, hoteli ikafungwa, akaambiwa asubiri nyumbani bila mshahara. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Kaloleni kututazama kwa wiki moja tu. Tarehe 8 Aprili kaunti zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, naye yuko kwangu mpaka leo.

Somo, jikoni kwangu nimekuwa mgeni. Kabati ya vyakula ameitia kufuli, ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso yake. Unga anaupima kwa kibaba. Maharagwe huyachemsha kidogo, kisha sufuria huifunga kwa blanketi langu la harusi! Ngazini ameweka magunia ya udongo akapanda mchicha, majirani wanatucheka. Juzi usiku aliingiza jiko la makaa chumbani achemshe kunde, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, asubuhi sote tukaamka vichwa vinatuuma.

Si kwamba mimi sikujiandaa. Siku ile ugonjwa ulipotangazwa nilikwenda supamaketi nikanunua vitu vya Sh12,000. Lakini yeye alipoziona tambi zangu na vitakasa mikono alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu naye, kibarua chochote akipata, pesa humpa mama yake. Mimi sishiki hata shilingi. Mamangu mzazi hana wa kumtazama ila mimi, humtumia mia tisa mara mbili kwa wiki kwa simu, kwa vile haikatwi ada. Mwenye nyumba anatudai miezi miwili. Kuna kijana wa bodaboda anajua njia za panya za kumfikisha mavyaa kwake Kaloleni. Nimwambie vipi mume wangu?

Mama R, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Watu sita vyumba viwili, watoto hawaendi shule tangu katikati ya Machi, na mavyaa juu yake. Pole sana. Sasa tusemezane.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilishika kalamu, na kalamu haina huruma.

Tuanze na safari yako ya supamaketi. Naikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 13 Machi, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Nairobi. Watu waligombania vigari utadhani meli inang'oa nanga. Nawe ulikuwemo, ukatoka na vitu vya Sh12,000. Vitu gani? Hukunitajia. Ungekuwa umenunua mchele, maharagwe na mafuta ungeniandikia hata idadi ya kilo. Tambi na vitakasa mikono vimekutoka kwa bahati mbaya tu, ulipokuwa ukimshtaki mama wa watu kwa kucheka. Mwanangu, mimi pia nimecheka. Kipande cha sabuni na maji vinaosha mikono vizuri kabisa, na kipande hicho hicho kinafua nguo za watoto. Tambi za dakika mbili mtoto akila saa saba, saa tisa anakuuliza kuna nini cha kula. Kwa pesa ile, siku ile, ungepita soko la Kongowea ukarudi na gunia la mahindi na maharagwe ya miezi, na nauli ikabaki. Mshahara wa mwisho wa mumeo uliishia kwenye karatasi na chupa.

Sasa huyo mavyaa. Kwanza unajua umri wake? Mama mwenye mtoto wa kiume aliyeoa na kuzaa watatu, huyo aliiona njaa ya 1984. Mimi niliiona. Tulikula ugali wa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, watoto wakikataa kwa rangi yake tukawaambia umetiwa siagi. Mvua za El Nino za 1997 pia alizipitia, barabara ya Nairobi ilipokatika na bidhaa zikakwama njiani. Mtu wa namna hiyo akisikia "kaunti zimefungwa" hakimbilii kigari. Anafungua kabati, anahesabu kilichomo, anahesabu midomo, kisha anatafuta kufuli. Wewe umeona uchawi, yeye alikuwa anafanya hesabu.

Na hilo blanketi limekuuma kweli, hata alama ya mshangao umeitia. Ngoja nikueleze kinachofanyika humo ndani, maana hukuuliza. Maharagwe yakilala majini usiku kucha, asubuhi unayamwaga yale maji, unatia mengine, unabandika. Yakishaanza kutokota unayaacha yatokote hasa, dakika kumi na zaidi, usiyaonee haraka hapo, kwa sababu maharagwe mekundu yakiwa hayajachemka vizuri yanaleta kutapika na kuhara. Kisha unafunika kwa kifuniko kinachobana, unaepua, unaizungushia sufuria blanketi mara tatu nne, unaiweka kapuni au pembeni, na marufuku mtu kuchungulia. Moto uliomo unaendelea kupika bila gesi wala makaa. Adhuhuri unafungua: mvuke unakupiga usoni, na punje ukiibonyeza kwa vidole inasagika. Yakiwa bado magumu kidogo, unayarudisha motoni mpaka yaive. Maharagwe ya kupikwa saa mbili yamekula moto wa nusu saa. Mtungi wako wa gesi ulikuwa ukiisha baada ya siku ngapi kabla hajaja, na sasa unakaa siku ngapi? Hukuandika. Kesho ukamwombe radhi blanketi.

Mchicha wa ngazini nao, majirani wanaocheka si wanaokuletea mboga. Gunia la udongo lililochanganywa samadi linatobolewa mbavuni, kila tundu mche mmoja, na maji yaliyoosha mchele yanamwagiwa humo. Wiki tatu, nne, unachuma. Mtu wa ghorofa ya chini anayecheka leo ndiye atakayepanda ngazi Jumamosi na bakuli akikuambia "jirani, nionjeshe". Uchunguze pia kama kwenye maharagwe yake ametia majani makavu ya mwarobaini, maana ndiyo dawa ya wadudu kwa wakulima wengi wa pwani. Na umtazame akikuna nazi: tui la kwanza anaweka kando, la pili ndilo linalopikia, machicha hayatupwi, na kifuu kinakwenda jikoni kuwa moto. Nazi moja inafanya kazi nne. Wewe ulikuwa unanunua tui la pakiti, usinifiche.

Lakini kwenye jiko la makaa mavyaa amekosea, tena kosa kubwa, na hapa nasimama upande wako bila kupepesa. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi. Kuumwa na kichwa asubuhi ndiyo salamu yake ya kwanza, na baada ya hapo watu hawaamki. Jiko litoke nje, usiku wa leo. Usimwambie kwa hasira, na usimwambie mbele ya watoto. Mwambie mumeo amwambie: mwana akisema ni nasaha, mkaza mwana akisema ni vita.

Sasa tufike pale ulipotaka nisifike. Umeandika "sishiki hata shilingi". Mistari miwili mbele unamtumia mama yako mia tisa mara mbili kwa wiki. Mwanangu, hizo mia tisa zinaota kwenye gunia la mchicha? Machi hii ya 2020 kutuma pesa kwa simu isiyozidi elfu moja kulifanywa bure, na wengi tumelewa na huo ubure, tunatuma bila kuhisi. Hebu tuhesabu pamoja. Tangu kaunti zifungwe ni wiki 10. Mia tisa mara mbili kwa wiki ni Sh1,800. Kwa wiki 10 ni Sh18,000. Kodi yako ni Sh9,000 na mwenye nyumba anadai miezi miwili. Mimi sikusoma sana, lakini mbili mara tisa naijua.

Pesa za kodi zilikuwa kwenye simu ya nani? Nadhani zilikuwa kwenye yako. Na nadhani mumeo alikuja kujua, labda mwenye nyumba alipobisha mlango, naye badala ya kugomba akanyamaza na kila kibarua akakipeleka mikononi mwa mama yake. Kama nimekosea niandikie unikosoe, nitaichapa barua yako neno kwa neno. Lakini mwanamume hamwachi mkewe ghafla akaanza kumkabidhi mama yake pesa ya soko kwa sababu ya mchicha.

Nielewe vizuri. Kumsaidia mama mzazi si dhambi, mwezi huu kuliko miezi yote. Dhambi ni kumsaidia kwa pesa ya mwenye nyumba, kimya kimya, kisha ukamlaumu mavyaa kwa kufunga kabati. Na mumeo naye ana lake: kunyamaza. Mume anayejua jambo akalimeza miezi miwili huku akimtumia mama yake kama kufuli, huyo amewagombanisha wanawake wawili ili yeye akae barazani kwa amani. Mwonyeshe mstari huu.

Siku hizi nikiitwa kufunza mwali naambiwa nifupishe kwa sababu mpiga picha anasubiri. Zamani tulikaa siku saba. Siku mbili kati ya hizo zilikuwa za jikoni tu: namna ya kujua mchele utatosha bila mizani, samaki wa leo awe na mchuzi wa kesho, unga ukikaribia kwisha ufanye nini kabla mume hajajua kwamba unakaribia kwisha. Sasa bibi harusi anataka nimfundishe mapenzi, chakula atapiga simu kiletwe. Mkopo wa harusi unalipwa miaka mitatu, akiba ya nyumba haifiki wiki mbili. Nimekwenda kwenye nyumba zenye televisheni pana kama mlango na chumvi hakuna. Si nyinyi vijana peke yenu, sisi tuliowalea tuliona haya kuwafundisha ufukara, tukadhani umekwisha. Ikaja corona, hoteli za pwani zikazima taa ndani ya mwezi mmoja, na watu waliovaa sare za kazi miaka kumi wakarudi nyumbani na bahasha ya nusu mshahara au bila bahasha. Ndipo tukajua nani alifunzwa na nani alipambwa.

Haya, na hiyo bodaboda. Unataka kumpitisha mama mtu mzima vichochoroni usiku, umkwepeshe vizuizi vya polisi, kwa kijana usiyemjua? Wakikamatwa, wanatiwa karantini kwa lazima, na mumeo atajua ni nani aliyelipa nauli. Wasipokamatwa, amefika Kaloleni akitokea Mombasa yenye wagonjwa, anaingia kwenye boma la wazee wenzake. Ugonjwa huu wazee ndio unaowaonea zaidi. Futa namba ya huyo kijana leo. Kafyu imeshasogezwa mpaka saa tatu usiku, njia nazo zitafunguliwa siku yake ikifika, na mavyaa atapanda matatu mchana kweupe na kikapu chake, akiwa amekuachia mche wa mchicha ubaki nao.

Kabla ya hapo mwambie mumeo habari ya Sh18,000 kwa mdomo wako, usiku watoto wakilala, wala usianze na "mama yako". Mwende pamoja kwa mwenye nyumba mkaombe kulipa kidogo kidogo. Mama yako apate chake mara moja kwa mwezi na mumeo akijua, na nina hakika mavyaa mwenyewe ndiye atakayekukumbusha.

Ufunguo usiudai. Amka saa kumi na moja, yeye ndiyo wakati anaamka, ukae naye karibu na mbuzi ya nazi umwambie: mama, nifundishe unavyopima. Kaloleni watoto wa mwanawe humwita mtu kama yeye Hawe, nina hakika na wako wanamwita hivyo hivyo, wanamkalia mapajani huku wewe umenuna chumbani na simu.

Hizo tambi, kama zimebaki uvunguni, zitoe. Zipike jioni ya leo, utie kitunguu, nyanya na mchicha wa ngazini, umwandalie yeye kwanza. Kisha niandikie kama amecheka.

Somo wenu