Barua kwa mwanangu: kuhama Jersey kwa ajili ya bastola

Mwanangu,

Marahaba. Ile meseji yako ndefu ya usiku nimeisoma yote. Unauliza kama nakushauri uhame New Jersey na familia uende Texas, sababu tangu gari lako liibiwe pale nje unataka bastola ndani ya nyumba, na unaona sheria za hapa zinambana mtu mwema huku mwizi hana habari nazo, afu rafiki zako wa Houston wanakwambia kule unaingia dukani na unatoka nayo siku hiyohiyo. Sawa. Sikucheki, mtu aliyeibiwa mlangoni kwake halali vizuri.

Ila naanza na jambo ambalo hukuliandika kabisa. We una grinkadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, sio raia bado. Hili kwangu ndo zito kuliko yote. Sheria ya shirikisho, ile ya Marekani nzima, inamruhusu mtu wa grinkadi kununua na kumiliki silaha, hapo hamna shida, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata lile ambalo raia angefungwa kifungo cha nje akaendelea na kazi zake, yeye anaweza kupelekwa kwa jaji wa uhamiaji na kurudishwa kwao. Mkeo raia, watoto raia, we uko Tanga unawaona kwenye video. Na hiyo inakufuata jimbo lolote utakalohamia.

Sasa hapa una pointi na sikunyimi: mitego ya namna hiyo Jersey ipo mingi kuliko Texas. Ukikutwa na bastola njiani bila kibali cha kutembea nayo, sheria wanayoiita Graves Act inamtaka jaji akupe angalau miezi 42 ndani kabla hata ya kufikiria kukuachia. Kuna yule mama wa Philadelphia, jimbo la jirani la Pennsylvania, Shaneen Allen, 2013 alisimamishwa na polisi huku kwetu kaunti ya Atlantic kwa kosa la barabarani tu, mwenyewe akamwambia askari nina bastola na kibali ninacho, kibali cha Pennsylvania, akidhani yuko sawa, akawekwa ndani. Ana watoto wawili. Kelele zikawa kubwa ndo waendesha mashtaka wakalegeza, na 2015 gavana wa Jersey wa wakati huo, Christie, akamsamehe. Sisi wa malori hiyo stori tunaijua vizuri, unavuka daraja tu la mto Delaware kutoka Pennsylvania kuja Jersey na kitu kilichokuwa halali dakika moja iliyopita kinageuka jela. Ipo sheria ya 1986 inayokuruhusu kupita na silaha ikiwa haina risasi na imefungiwa kwenye buti, na huko utokako na uendako ni halali, lakini uzuri wake utauona mbele ya jaji, sio saa nane usiku umesimamishwa na polisi. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mwenye miaka 21 na kuendelea ambaye hajazuiwa na sheria anatembea nayo bila kibali chochote. Kwa hiyo rafiki zako hawakudanganyi.

Lakini nikuulize, Jersey umeomba ukanyimwa? Maana meseji yote sijaona mahali umeandika umeomba. Ule ugumu wa zamani wa kumshawishi polisi kwamba una sababu maalum ya kutembea na bastola ulikufa Juni 2022 na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi inayoitwa Bruen. Na we unayetaka ya kukaa nyumbani tu hata hicho kibali cha kutembea nayo hukihitaji, unahitaji kibali cha kununua, alama za vidole na watu wa kusema tabia yako. Ukitaka na ya kutembea nayo ndo unaongeza dola 200, mafunzo, wadhamini wanne, na unairudia kila baada ya miaka miwili. Usumbufu ndiyo, nakubali, ila mtu aliyetoka Tanga mpaka hapa kwa makaratasi leo anataka kuhamisha watoto shule kwa ajili ya fomu?

Na Texas nako kuna fomu. Dukani utajaza 4473, ya serikali ya shirikisho, ileile ya Jersey, na bastola utauziwa ukishakuwa mkazi wa kule, sio umeenda kutembea wikiendi. Inauliza kuhusu bangi pia, na inasema wazi kwamba hata kama jimbo lako limeiruhusu, kwa shirikisho bado ni marufuku. Mi kwenye baraza lako nimeshakaa, na pua ninayo. Tuishie hapo.

Kuhusu usalama wenyewe. 2021 Texas walikufa kwa risasi watu 15.6 katika kila 100,000, Jersey 5.2. Kwa nchi nzima mwaka huo walikufa 48,830 na zaidi ya nusu walijiua wenyewe, sio majambazi. Nakuandikia hili sababu nakumbuka ile winta uliyopunguzwa kazi, ukawa hupokei simu, mkeo ananipigia analia. Nilikuwa naendesha nasali tu. Nafurahi sana kwamba nyumba ile siku zile haikuwa na bastola, na leo ukiniambia unaileta nitakuuliza sefu iko wapi, funguo nani anazo, na siku ukizidiwa tena nani anakuja kuichukua. Nijibu hayo kabla ya habari za Houston.

Afu we ni mwanaume mweusi na lafudhi yako. Philando Castile kule Minnesota, Julai 2016, alikuwa na kibali, akamwambia askari kwa adabu nina silaha, akapigwa risasi ndani ya gari na mtoto wa miaka minne kakaa nyuma. Askari mahakama ikamwachia. Hiyo sheria laini ya Texas haijaandikwa na mtu aliyewahi kusimamishwa akiwa na sura yako.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama Texas kuna kazi nzuri, nyumba kubwa, hamna kodi ya mshahara ya jimbo (japo kodi ya nyumba kule inauma, piga hesabu), nenda na baraka zangu. Kwa ajili ya bastola peke yake, hapana. Na hata ukienda, peleka kwanza N-400, fomu ya kuomba uraia, muda wako ulishatimia na unajichelewesha mwenyewe, maana ukihama leo itabidi ukae kule miezi mitatu ndo uweze kuipeleka. Ukihama ukiwa umeshaipeleka, wape anwani mpya ndani ya siku 10, faili litahamishiwa ofisi ya huko, litachelewa lakini litakuwa linatembea.

Jumapili nitakuwa nyumbani, nipigie. Na mpe mkeo simu naye, meseji yote hiyo sijaona neno lake hata moja, na yeye ndo atakayelala nyumba moja na hiyo bastola.

Babako