Mchungaji, ulinijibu kama askari

Jumanne usiku nilikuwa nimeshajilaza simu ilipolia. Ujumbe ulitoka kwa binti niliyembatiza kwa mikono yangu, akaongoza sifa miaka minne, kisha akapotea. "Shikamoo mchungaji. Mimi sikumwacha Yesu. Niliondoka kwa sababu nilikuuliza swali, ukanijibu kama askari."

Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, nakiri. Miaka 19 mimbarini, nimezika, nimefungisha ndoa, nimekesha na wagonjwa, leo naitwa askari? Mara ya tatu ndipo nilipoikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa kipindi cha vijana. Aliuliza: kama tungezaliwa katika dini nyingine, si tungeitetea hiyo kwa uhakika huu huu? Nikamwambia mbele ya wenzake, "Hilo swali ni la shetani. Kaa chini." Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilikifurahia kicheko kile.

Chuo cha Biblia nilisoma habari za usasaleo kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa, Jean-François Lyotard, aliueleza kwa kifupi kuwa ni kutoziamini tena simulizi kuu, zile zinazodai kueleza kila kitu kwa kila mtu. Nikapata alama nzuri. Kisha usasaleo wenyewe ukaja umevaa jinzi, ukasimama mstari wa tatu, nikauamuru ukae chini.

Kwa hiyo, mtumishi mwenzangu, ushauri wangu wa kwanza: usikimbilie kujibu. Paulo alipoziona sanamu za Athene roho yake ilichukizwa, Biblia haifichi. Lakini alipopelekwa Areopago, penye baraza la mji, alianzia kwenye madhabahu yao wenyewe, ile ya Mungu asiyejulikana, akanukuu hata washairi wao. Ufufuo hakuuficha. Wengine wakamdhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, akiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Mtume mzima! Sisi tukikosa kujaza viti miezi miwili tunatafuta mchawi.

Tulipoona vijana wanapungua, kwanza tulinunua taa za rangi na spika kubwa. Waliokuja kwa ajili ya taa walikaa mpaka taa zilipozoeleka. (Deni la spika ni habari nyingine.) Baadaye nilipendekeza nusu saa ya maswali baada ya ibada. Mzee mmoja wa kanisa akaliambia baraza kwamba nageuza mimbari kuwa kijiwe. Hoja ilipita kwa kura moja, na mzee huyo hadi leo hanipi mkono. Inaniuma, maana nilimlea kiroho mwenyewe.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeuliza. Ya pili kijana akauliza kwa nini mama yake hakupona ilhali tulifunga na kuomba. Nikasema, "Sijui." Kanisa likanyamaza. Aliyeuliza ndiye aliyebaki kunisaidia kupanga viti.

Sikilizeni, wachungaji. Cheo hakiaminishi tena watu. Lesslie Newbigin alikwenda India kama mmisionari mwaka 1936, akawa askofu huko. Aliporudi Uingereza mwaka 1974 alikuta nyumbani kwao ndiko kwenye shamba gumu la injili. Hakuishia kuliambia kanisa lipaze sauti. Alisema injili huaminika pale watu wanapoona kusanyiko linaloiamini na kuiishi. Basi tuiishi! Mahesabu ya sadaka yasomwe hadharani. Mchungaji akikosea atubu mbele ya wale wale aliowakosea, si chumbani kwake peke yake. Na anayeuliza, msikilize, halafu msikilize tena.

Nilimjibu yule binti Jumatano asubuhi. Nilifuta mistari mingi ya kujitetea, nikabakiza: "Marahaba mwanangu. Nilikosea, tena mbele za watu. Naomba nikuombe radhi mbele yao. Swali lako bado nalitaka." Tiki mbili zimekuwa za bluu tangu siku ile. Hajajibu.