Maji matupu yaliganda kwenye ngapi?

Wadogo zangu mlioingia maabara mwaka huu, jana nimemkuta mmoja wenu akishangilia matone yake ya protini ya kugandisha maji, yaliyoganda kwenye nyuzi −11 za Selsiasi. Nikamuuliza maji matupu, yasiyo na protini, yaliganda kwenye ngapi. Kimya. Roho iliniuma, maana kimya kile nakijua.

1. Anzeni na maji matupu, kila siku, kila sahani. Matone madogo ya maji safi kabisa huweza kubaki maji hadi karibu na −38. Yakiganda mapema, kuna kitu kimeyasaidia, na si lazima kiwe protini yako. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kipande cha InaZ, protini ya bakteria inayogandisha maji, nilichokikata marudio mengi (sehemu zake zinazojirudia), nikitaka kujua kama kifupi vile bado kinagandisha. Matone ya mikrolita moja yakaganda −11, siku nenda siku rudi. Nikachora grafu, nikaandika nusu ya ripoti. Miezi minne hiyo. Kikaoni, dada mmoja aliyenitangulia akaniuliza taratibu swali hilihili.

Usiku ule nilirudi maabara, nikadondosha maji ya chupa niliyokuwa nikitengenezea bafa, yaani kimiminika cha kuwekea protini, nikainamia sahani. Tone moja likapauka ghafla, kama jicho lililoingia mtoto wa jicho. Likafuata la pili. Kufika −12 sahani yote nyeupe. Chupa ilikuwa imekaa mezani wiki kadhaa, inafunguliwa na kufungwa. Uchafu wake ndio niliokuwa nikiupima. Nililia palepale. Kwa maji mapya yaliyochujwa, kipande changu hakikuyapita maji matupu hata kidogo.

Na ningepaswa kulitarajia hilo! Molekuli za maji zikijipanga chache, husambaratika kabla barafu haijashika. Zinahitaji uwanja mpana wa kujipangia. Ndiyo maana InaZ ni ndefu, marudio ya asidi amino 16 yamefuatana, na bado protini nyingi hukusanyika kwenye utando wa nje wa bakteria wake, Pseudomonas syringae, ndipo tone ligande kwenye −2. Ukikata, umepunguza uwanja.

2. Chemsheni sehemu ya sampuli. Protini itaharibika, vumbi la madini litabaki na kazi yake.

3. Zimueni mara kumi, kumi tena, mwendelee. Kuna aliyenijia machozi yakimlenga, eti protini imekufa, −2 imetoweka, yamebaki ya −8. Haikufa. Makundi makubwa ya protini, yanayogandisha kwenye −2, ni adimu, bakteria mmoja katika maelfu mengi, kwa hiyo ukizimua hayaingii kwenye kila tone. Tulirudi kwenye sampuli nzito, tukaikuta −2 yake. Alinikumbatia na glavu zake mkononi!

4. Bakteria wakishakua, waache kwenye ubaridi.

Wewe wa jana, chupa yako nimeimwaga. Mpya iko kwenye rafu yako, imechujwa, nimeiandika tarehe. Dondosha sahani moja ya maji hayo kabla sijafika.