Uliza Fundi: Pampu inapanda na kushuka, choki nusu inatulia

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pampu ya inchi 2 ya kumwagilia nyanya. Injini yake ni ya Kichina, ya mtindo wa Honda GX160. Nikitoa choki inapanda na kushuka yenyewe, vuuu-vu, vuuu-vu, na nikipunguza mafuta inazima. Nikirudisha choki nusu inatulia kabisa. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alizungusha skrubu zote za kabureta. Wa tatu anasema ninunue kabureta mpya. Nishike lipi?
Mkulima, Ilula, Iringa

JIBU: Marahaba, mkulima. Usinunue kitu kwanza. Ugonjwa umeshautaja mwenyewe, sema wenzangu hao hawakukusikiliza hadi mwisho. Choki ni kibati tu kinachoziba mlango wa hewa. Ukikifunga nusu, hewa inapungua na petroli inavutwa zaidi. Injini inayopona kwa dawa hiyo ilikuwa na njaa ya petroli, na plagi haihusiki hapo.

Sasa njaa hiyo inatoka wapi? Tufuate petroli toka juu. Kwenye pampu yako hakuna mota ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake toka kwenye tenki, inapita koki, inaingia kwenye bakuli la kabureta. Ndani ya bakuli kuna boya. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma kisindano kinachofunga njia. Ikipungua, boya linashuka na njia inafunguka. Kwa hiyo kina cha petroli kwenye bakuli hakibadiliki sana, tenki liwe limejaa au limebaki robo.

Watu wengi, hata mafundi, wanasema injini inanyonya petroli. Mimi husema inasukumiwa, na tofauti hiyo inasaidia sana unapotafuta ubovu. Juu ya petroli iliyo kwenye bakuli kuna hewa, na hewa hiyo imeunganishwa na nje kwa kitundu kidogo. Pistoni ikishuka, hewa inaingia kupitia kichujio na kupita kwenye koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikifika pale penye finyo inaenda kasi, na msukumo wake unashuka. Mwitalia Giovanni Venturi aliandika habari za finyo la namna hiyo mwaka 1797. Kwenye bakuli msukumo ni uleule wa nje, kwenye finyo umeshuka, basi petroli inapandishwa kupitia jeti kubwa, kijiskrubu chenye tundu linalopima petroli, na kumwagika kooni. Bunduki ya kupulizia rangi inafanya kazi hivyohivyo.

Ukiichomoa jeti kubwa, kitaanguka kijibomba cha shaba chenye vitundu ubavuni. Usikipoteze. Hewa kidogo inaingia kupitia vitundu hivyo na kuifanya petroli iwe povu kabla haijatoka, ili ipasuke kuwa ukungu. Na hewa inayotakiwa ni nyingi kuliko unavyodhani: kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukipima kwa ujazo, lita 1 ya petroli inakula takriban lita 9,000 za hewa. Ndiyo maana matundu ya petroli ni madogo mno. La jeti kubwa halifiki milimita 1, na la jeti ndogo ni kama nusu ya hilo.

Hiyo jeti ndogo ndiyo ninayoishuku. Injini ikiwa haina mzigo, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachopima hewa ya kuingia kwenye injini, kinakaribia kufunga. Hewa inapita kooni polepole, na jeti kubwa inanyamaza. Mvuto wote unakuwa nyuma ya kipepeo, upande wa injini, na pale ukingoni kuna vitundu vinavyolishwa na jeti ndogo. Ikiziba, injini haina chakula cha sailensa, yaani cha kunguruma polepole bila mzigo. Spidi ikianguka, gavana, kifaa kinacholinda spidi ya injini, anaona injini inakufa, anafungua kipepeo. Hewa inaingia kwa kasi, jeti kubwa inaamka, injini inaruka juu. Gavana anaona sasa imezidi, anafunga. Tunarudi kwenye jeti ndogo iliyoziba, na mchezo unaanza upya. Hiyo ndiyo vuuu-vu yako. Gavana wako hana kosa, na atakayekukunjia springi yake mnyang'anye koleo.

Fanya hivi. Funga koki, injini iwe imepoa, usiwe karibu na jiko wala sigara. Fungua boliti ya chini ya bakuli kwa spana namba 10 na uitazame petroli. Ikiwa na harufu ya rangi ya zamani, au chini kuna utelezi wa kahawia, basi imelala humo tangu msimu uliopita. Petroli ikikaa inaacha gundi, na gundi huanza na tundu dogo kuliko yote. Kisha angalia ubavuni juu ya kabureta, kwenye skrubu yenye springi inayozuia kipepeo kisifunge kabisa. Kwenye injini za mtindo huu skrubu hiyo ndiyo pia inayokishikilia kidude cheusi cha plastiki. Itoe, kiinue kidude taratibu kwa bisibisi bapa. Hiyo ndiyo jeti ndogo. Ielekeze juani uchungulie. Usipoona nukta ya mwanga, mgonjwa tumempata.

Isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Kukiwa na kipande kigumu, tumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Waya wa chuma hapana: ukilipanua tundu, pampu itakula mafuta mpaka siku utakayonunua jeti nyingine. Pulizia pia kile kijia ilimotoka, na kagua mpira wake mdogo wa mviringo usiwe umekatika.

Kwa kuwa fundi wa pili alizungusha skrubu, ile ya mchanganyiko, inayopima chakula cha sailensa, ikaze kwa vidole viwili tu mpaka iguse, usiilazimishe, halafu irudishe mizunguko 2. Washa, ipate moto, kisha uirekebishe kidogokidogo kwa sikio.

Ikiwa jeti ni safi na bado inapanda na kushuka, tazama gasketi kati ya kabureta na injini. Ikivuja, inaingiza hewa ya wizi ambayo haikupita kwenye jeti yoyote, na dalili ni zilezile. Nimeziona gasketi zilizokatwa kwa boksi la sabuni, nyingine zimeziba hata kile kitundu cha hewa ya bakuli nilichokitaja. Sasa petroli itasukumwa na nini?

SWALI: Fundi, mimi napasua mbao Mufindi. Kwa nini chenso naigeuza ubavu na inaendelea kunguruma, lakini jenereta ikiinama kidogo inamwaga mafuta?
Mpasuaji

JIBU: Kwa sababu chenso haina bakuli wala boya. Kabureta yake ina ngozi mbili nyembamba za mpira. Ya kwanza inachezeshwa na msukumo unaopanda na kushuka ndani ya injini yenyewe, na inapampu petroli toka kwenye tenki. Ya pili ina hewa ya nje mgongoni. Petroli ikipungua upande wake wa ndani, inabonyea na kusukuma kijiti kinachofungua kisindano. Ngozi hiyo haijali juu ni wapi, ndiyo maana unakata mti kwa mkao wowote.

Ngozi hizo zikikauka zinakuwa ngumu kama karatasi, na chenso inaanza kukosa petroli. Hapo uwe mkali kuliko mwenye pampu. Injini yako ni ya mipigo miwili. Oili yake inakuja ndani ya petroli, mara nyingi sehemu 1 kwa 50. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na pistoni inakwama. Ukiisikia inalia kwa sauti nyembamba ya juu kuliko kawaida, izime hapohapo.

SWALI: Jenereta yangu ilikuwa na nguvu Dar es Salaam. Nimehamia nayo Mbeya, inatoa moshi mweusi na inashindwa mashine ya kuchomelea. Imechakachuliwa njiani?
Mchomeleaji

JIBU: Hapana, umeipandisha mlima. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, lakini jeti iliyopimwa kwa pwani inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha pwani, hivyo inazidi na kutoka kama moshi. Weka jeti kubwa yenye namba ndogo kidogo, yaani tundu jembamba zaidi. Moshi utaisha na plagi haitajaa masizi. Nguvu yote hairudi. Honda wenyewe wanaandika kwamba injini hupoteza karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda, hata ukibadilisha jeti. Kwa Mbeya hiyo ni kama moja ya tano, kwa hiyo punguza ampea za kuchomelea.

Jeti ya zamani usiitupe. Siku ukishuka na jenereta Dar bila kuirudisha jeti hiyo, injini itakosa petroli na kuchemka. Ifunge kwenye kimfuko uiningʼinize kwa waya kwenye fremu ya jenereta, hata ukiiuza mwenye kuinunua aikute.