Daraja la ubia halibaki la kampuni milele

Je, daraja la tozo lililojengwa kwa ubia, yaani serikali ikishirikiana na kampuni binafsi, hubaki la kampuni milele? Hapana. Kampuni hupewa muda wa kukusanya tozo ili irudishe fedha zake, kisha linarudi serikalini. Confederation Bridge la Kanada, kilomita 12.9 juu ya bahari, lilifunguliwa 1997 na mkataba wake unaisha 2032. Serikali inaweza pia kuununua mkataba mapema: Skye Bridge la Uskoti lilifunguliwa 1995, wananchi wakagomea tozo kwa miaka, na 2004 serikali ikalipa takriban pauni milioni 27, tozo zikafutwa.

Ila angalieni sana kifungu cha makabidhiano, yaani sehemu ya mkataba inayosema daraja litarudishwa serikalini katika hali gani. Baharini chumvi hupenya kwenye zege ikala nondo polepole. Kwa nje nguzo ni safi kabisa, kumbe ndani kutu imeshatanuka na zege linaanza kupasuka. Mkataba usipodai ukaguzi na ukarabati miaka kadhaa kabla ya siku ya makabidhiano, umma unapokea mzigo. Watu wanabishania bei ya tozo tu, kifungu hiki hawakigusi.