Gavana wa kwao, mkuu wa mkoa wetu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza vitunguu hapa Holili, mpakani. Wenzetu wa Taveta, upande wa Kenya, hutuambia kila siku kwamba wao humchagua gavana wao, sisi mkuu wa mkoa tunaletewa tu, basi mfumo wao ni bora. Niwajibu nini?
Muuza vitunguu, Rombo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuuliza upi ni bora, angalia kwanza kama mnaowalinganisha wanalingana. Kosa hilo nami nimelifanya. Nilipokuwa nafundisha Uraia, nilichora ubaoni safu mbili, Kenya na Tanzania, nikaunganisha gavana na mkuu wa mkoa kwa mstari. Mwanafunzi mmoja mwenye ndugu Taveta akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kamishna wa kaunti je?" Nikaufuta mstari ule kwa kiganja.

Alisema kweli. Kenya nayo serikali kuu ina mtu wake katika kila kaunti, kamishna, na hapigiwi kura. Huyo ndiye wa kumweka karibu na mkuu wa mkoa wetu. Gavana ana kazi nyingine: masoko, zahanati, chekechea, barabara za kaunti. Kwetu kazi nyingi za namna hiyo ziko halmashauri.

Ukishapanga hivyo, ndipo utaiona tofauti yenyewe, nayo ni kubwa. Magavana wamekuwa wakipigiwa kura tangu 2013, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaagiza kaunti zote 47 kwa jumla zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu. Sisi tunachagua madiwani, lakini mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha zake, huteuliwa na Rais. Katiba yetu haitaji asilimia yoyote ya kuzipa halmashauri. Kwa hilo mimi nipo upande wa Taveta: anayesimamia fedha za soko ninalouzia, natamani nimpigie kura.

Lakini usinifuate mimi tu. Siku ya soko ukivuka, mwombe mwenzako akuonyeshe risiti yake ya ushuru, uiweke kando ya yako. Yake ni ya kaunti, yako ni ya halmashauri. Kisha mwulizane: choo cha soko kikiziba, kila mmoja anakwenda kwa nani, na huyo asipokuja, mnaweza kumfanya nini?